Wanawake Watatu wa Glorina

Windward, Carriacou
15 Januari 1989

Mdogo wangu Cosnel,

Pokea salamu zetu zikiwa bado na joto la jua, maana najua huko Huddersfield hata chai hupoa kabla haijafika mdomoni. Sisi tu wazima. Krismasi tumeila salama. Keki nyeusi ya Urselle ilikuwa na ramu nyingi mno, padri akaomba kipande cha pili, kisha akasahau wimbo alioanza mwenyewe. Mbaazi zimezaa hadi tunazigawa. Mbuzi wangu mweupe amejifungua pacha. Binti yangu Lystra amepata kazi ya ualimu Hillsborough na sasa ananisahihisha ninavyoongea, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Kadi yenu ilifika, lakini ilikuwa na jina la Merle peke yake. Mkeo ameanza kukusemea? Au umekuwa bwana mkubwa?

Sasa neno lenyewe. Thelda amestaafu ukunga. Juzi tulikuwa barazani kwangu tukimenya mbaazi, mimi, yeye na Urselle, kama tulivyokuwa tukikaa benchi moja shuleni. Mara akaweka bakuli chini. Akasema, "Nusu ya kisiwa hiki imepita mikononi mwangu. Nimevushwa maji kwenda kuzalisha, jua na mvua, na kila safari nimekaa katikati ya mashua kama gunia la mchele. Sijawahi kushika hata kamba."

Urselle akasema, "Mimi nimewauzia mabaharia ramu tangu nijue kusimama nyuma ya kaunta. Hadithi zao za Bequia nazijua kuliko wao. Bequia yenyewe siijui."

Nikajisikia nikisema, "Basi twende."

Cosnel, tunakwenda Bequia wakati wa Pasaka, kwenye mashindano ya mashua. Tunakwenda na Glorina, mashua ya baba. Sisi watatu, na mwanamume hayumo. Tangu mume wangu Gaston anifie, hakuna aliyeitoa nje mashua hiyo, lakini kila mwaka nimeipaka rangi na kuziba nyufa zake kwa mkono wangu. Mbao zake ni nzima kama siku baba alipozipigilia.

Sikuandikii kuomba ruhusa. Nakuandikia kwa kuwa baba alipokufa alisema mashua ni ya mtoto wa kiume, na mimi si mwizi.

Msalimie Merle.

Dada yako,
Ismay


Huddersfield
20 Februari 1989

Dada Ismay,

Salamu nimezipata na nimezirudisha zikiwa zimevaa koti. Sisi hatujambo. Theluji imelala barabarani wiki nzima na jirani yetu ameteleza mlangoni kwetu, akainuka na kutuomba radhi, ndivyo walivyo hawa. Usishangae mwandiko: anaandika Merle, mimi nasema. Niliungua mkono kwa birika. Si kitu.

Kuhusu Bequia, jibu langu ni hapana.

Nimecheka kwanza, sikufichi. Nimemwona akilini Urselle na ule mwili wake akipanda kwenye omo, mbele ya mashua, nikacheka hadi Merle akaniletea maji. Kisha nikaacha kucheka. Kati ya Canouan na Bequia kuna maji yaliyommeza mjomba Fitzroy, naye alikuwa mwanamume na nusu. Mkondo unavuta huku, upepo unasukuma kule, na bahari inasimama wima kama ukuta. Hapo si mahali pa mkunga, mwenye baa na mjane.

Dada, wewe una nguvu, nani asiyejua. Lakini kupaka mashua rangi si kuiendesha. Ngoja. Mwaka huu naja. Mkono ukipona naja, nitawapeleka Bequia mimi mwenyewe, mkae kwenye kivuli cha tanga mkimenya machungwa na kuimba nyimbo za kanisa. Mashua alipewa mwanamume kwa sababu, na baba hakuwa mjinga.

Msalimie Lystra. Mwambie ajifunze kukaa kimya, ndiyo kazi kubwa ya mwalimu.

Mdogo wako,
Cosnel


Windward
14 Machi 1989

Cosnel,

Hatujambo, mbuzi hawajambo, Lystra hajambo. Pole kwa mkono. Birika gani hilo linalomuunguza mtu hata asiweze kutia sahihi?

"Mwaka huu naja." Uliandika hivyo Lystra akiwa na meno ya utoto. Sasa ana meno ya kuwang'ata wanafunzi.

Kwa kuwa umemtaja baba, nitakwambia jambo. Unakumbuka ule mwaka ulipougua surua ukalala ndani na mapazia yamefungwa? Baba alikosa mkono wa pili, akanichukua mimi. Msimu mzima nilitoka naye, kwenda Petite Martinique, kwenda Union, hadi Canouan. Siku moja alinipa usukani akalala chali akajifunika kofia usoni. Nilipomwamsha tulikuwa tumeshaingia bandarini. Akaangalia nyuma, akaangalia tanga, akasema, "Unaendesha vizuri kuliko yule mdogo wako wa surua. Ila usimwambie mtu, utamvunja moyo." Nimenyamaza miaka yote. Leo nimesema.

Tumeshazoeana na mashua. Jumapili tulizunguka kisiwa kizima. Thelda ana mikono ya chuma, anavuta kamba ya tanga kama anamvuta mtoto mkaidi. Urselle yuko mbele kwenye omo, na sauti yake inafika Grenada. Tulipokuwa tunarudi, Nahodha Egbert alikuwa amesimama gatini na wenzake, mikono kiunoni.

"Ismay!" akaita. "Mnakwenda kufua nguo huko nje?"

Urselle akamjibu, "Tunakwenda kuzianika, Egbert! Lete na zako, kama unayo iliyo safi!"

Wenzake walicheka hadi mmoja akakaa chini.

Tunaondoka Alhamisi kabla ya Pasaka. Barua hii itakufikia tukiwa tumeshatoka. Nimeipangia hivyo makusudi.

Dada yako,
Ismay


Windward
9 Aprili 1989

Mdogo wangu,

Salamu. Hujajibu.

Tumekwenda na tumerudi. Bequia ni pazuri, nyumba zao wamezipaka rangi za peremende. Tulifika Ijumaa Kuu, kila mtu akiwa ufukweni kutazama mashindano, na walitupigia pembe za kome. Thelda alichomwa na jua puani. Urselle amepata mchumba, au anasema amepata, mzee mmoja anayechonga sanamu za nyangumi.

Rangi ya Glorina imekwaruzika kidogo ubavuni, upande wa kulia. Nitaipaka tena.

Mvua za huku zimechelewa. Pacha wa mbuzi wanaruka ukuta. Msalimie Merle, na mkono unaendeleaje?

Ismay


Huddersfield
18 Mei 1989

Dada Ismay,

Sitakusalimia. Ukitaka salamu, nenda kaziombe kwa Tolly McIntosh, kwa sababu yeye ndiye aliyeniletea habari za nyumbani kwetu.

Nilikuwa nimekaa kilabuni kwetu hapa, mahali watu wa Carriacou tunapopigia dhumna kila Jumamosi. Nimekaa zangu kimya. Tolly anaingia na kofia yake ile, anagonga meza na kusema, "McLaren! Mbona hukutuambia kwamba dada yako amezalisha mtoto katikati ya bahari, kwenye dhoruba, huku akikata kona ya mwamba wa Clifton kwa tanga moja?"

Nikamwambia, "Tolly, umeanza kunywa mapema."

Akatoa barua ya binamu yake wa Union. Akaisoma kwa sauti. Watu wakaacha dhumna, Ismay! Unajua wewe ni kitu gani kuwafanya watu wetu waache dhumna? Walisimama wote wakanizunguka wakiuliza: ilikuwaje, upepo ulitoka wapi, mtoto yu hai? Na mimi, ndugu wa tumbo moja, sina la kujibu. Nina nini mimi? Nina barua inayosema pacha wa mbuzi wanaruka ukuta!

Mzee Steill, ambaye hajamsifu mtu tangu nimjue, aliuliza, "Huyo mwanamke alifundishwa na nani?" Nikasema, "Na baba yetu." Akasema, "Basi baba yenu alijua kazi." Nilirudi nyumbani kifua mbele na hasira hadi kooni, vyote pamoja, Merle hakujua anipe chakula au anikimbie.

Nataka yote. Usiniachie hata wimbi moja.

Na ile rangi "iliyokwaruzika kidogo", nataka kujua ilikwaruzwa na nini.

Cosnel


Windward
6 Juni 1989

Mdogo wangu mpenzi,

Mimi nitakusalimia, maana nililelewa. Habari za huko? Hapa mvua zimeanza, watu wanapanda mahindi, na Lystra ana mchumba ambaye bado sijaamua kumpenda.

Haya, yote.

Kwenda kulikuwa kama ulivyosema. Pale baada ya Canouan bahari ilisimama. Tulilowa hadi mifupa na Thelda alisali sala zote anazozijua, kisha akaanza za Wakatoliki. Lakini Glorina alipanda na kushuka kama aliyezaliwa pale, nami nilikuwa nacheka, Cosnel. Nilicheka kwa sauti. Hiyo ndiyo sehemu rahisi.

Wakati wa kurudi tulitia nanga Mayreau tupike. Mashua zote za wanaume wa kisiwa kile zilikuwa bado Bequia kwenye sherehe. Iliyobaki ilikuwa moja ya mashine, imevutwa mchangani, mashine yake imefunguliwa imetawanyika kama samaki aliyepasuliwa. Hatujaonja chakula tukaona watu wanateremka mlimani kwa haraka wamebeba mlango, na juu ya mlango mwanamke. Jina lake Anselma. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake.

Thelda akapiga magoti mchangani, akampapasa. Alipoinuka uso wake ulikuwa ule wa kazi, tunaoujua sisi. Akanivuta kando.

"Mtoto ametanguliza makalio, na mama amechoka. Hapa nina maji na kisu. Union, pale Clifton, kuna daktari."

Nikatazama mashariki. Mawingu yalikuwa meusi hadi chini, na upepo umenyamaza vile unavyonyamaza kabla ya kupiga. Nikasema, "Thelda, angalia kule."

"Nimeona."

"Tukingoja yapite?"

"Nikingoja mimi, nitawazika wawili." Akanishika mkono kwa nguvu. "Mimi najua uzazi. Bahari sijui. Hapo mwamuzi ni wewe, sema twende au tusiende, lakini sema sasa."

Mama yake Anselma alikuwa ananitazama. Hakuna mtu aliyewahi kunitazama hivyo maishani mwangu, kama vile neno langu ni mlango. Nikasema, "Mpakieni."

Tulimlaza chini, katikati, Thelda akapiga magoti kati ya miguu yake, mama mtu akamshika kichwa. Nilipunguza tanga, Urselle akaenda omo, tukaondoka. Dhoruba ilitukuta tukiwa njiani. Mvua ilikuja kama pazia, Cosnel, sikumwona Urselle na yuko ndani ya mashua ile ile. Nilishika usukani kwa mikono miwili na goti. Anselma alikuwa analia, kisha akaacha kulia, na hicho kimya ndicho kilichonitisha.

Unaujua mwamba wa Clifton. Unaujua mchana, unapouona mweupe kwa mapovu. Mimi sikuona kitu. Nikapaza sauti, "Urselle! Unasikia mwamba?"

"Nasikia mvua!"

"Nyamaza usikilize!"

Fikiria, Urselle akinyamaza. Alinyamaza. Kisha akapiga kelele, "Kulia! Unanguruma kulia! Karibu, Ismay, karibu!"

Nikausikia na mimi. Niliuweka mngurumo ule kwenye sikio la kulia na nikaufuata kama kipofu afuataye ukuta. Ulipoanza kubaki nyuma ya bega, nikajua tumefika mwisho wake, nikageuza. "Vichwa chini!" Boriti ya tanga ikavuka juu yetu kwa kishindo, na hapo Glorina akagusa. Mara moja, ubavuni. Nilihisi kwenye meno yangu. Kisha maji yakalegea, tuko ndani ya bandari, na Thelda anasema kwa upole kabisa, kama yuko chumbani kwa mtu, "Sasa, mwanangu. Sasa sukuma."

Mtoto alitoka wa buluu, hana sauti. Thelda alimfuta, akampulizia mdomoni, akamgeuza, akampulizia tena. Mimi siwezi kuacha usukani. Urselle amesimama na kamba mkononi, machozi na mvua havijulikani. Halafu yule mtoto akapiga ukelele, na nikwambie, upepo uliona aibu.

Ni msichana. Daktari alimshona mama na kuwalaza wote wawili, wakatoka wazima. Wamempa majina Glorina Thelda Urselle Ismay. Mtoto ana majina mengi kuliko malkia wa huko kwenu.

Kwa nini sikukuandikia? Kwa sababu niliogopa, na sikutaka uione hofu yangu kwenye karatasi. Nilidhani utasema, "Nilikuambia."

Sasa zamu yako.

Mke wa Tolly naye ana mkono wa kuandika. Amemwandikia Urselle kwamba anakuonea huruma, kwamba tangu Novemba upande wako wa kulia umelala, kwamba Merle anakushika unapoingia kilabuni na kwamba unakaa karibu na mlango ili watu wasikuone ukitembea. Hakuna birika, Cosnel. Hakukuwa na birika.

Mimi nimesema yangu. Sema yako.

Dada yako akupendaye,
Ismay


Huddersfield
27 Juni 1989

Dada,

Salamu. Merle analia anapoandika, nimemwambia asiloweshe karatasi, anasema niendelee kusema.

Nilikuwa nakoroga uji. Kijiko kikaanguka. Nikainama kukiokota, nikakiona kiko pale, mkono ukakataa kwenda. Ndivyo ilivyoanza. Hospitali walikuwa wema. Mguu umerudi kidogo, natembea kwa mkongojo. Mkono wa kulia haujarudi.

Wewe unanijua nilivyokuwa. Mimi ndiye niliyembeba Egbert begani na kumzungusha gati nzima siku ya kuaga. Watu wa Windward wananikumbuka hivyo, na nataka waendelee kunikumbuka hivyo. Sitashushwa kwenye gati kama friji mbovu, huku Egbert ananitazama. Waambie nimewasahau. Waambie nimekuwa Mwingereza, nakula samaki bila pilipili. Afadhali wanichukie.

Nilipokukataza kwenda Bequia, haikuwa kwa ajili ya mjomba Fitzroy. Nilifikiri, wakienda bila mimi, basi hakuna tena kinachoningoja.

Glorina ichukue. Nakupa. Mimi itanifaa nini?

Nimeomba wasome barua yako kilabuni. Tolly aliisoma yote. Alipofika pale pa kunyamaza kwa Urselle, walicheka wakalia. Mzee Steill aliomba irudiwe pale pa mwamba.

Cosnel


Windward
11 Julai 1989

Cosnel,

Wote wazima. Mchumba wa Lystra nimempenda, anajua kuziba nyufa.

Siichukui mashua kwa barua. Sitaki urithi wa mtu aliye hai. Ukitaka kunipa, uje unipe mkononi, huo mmoja unatosha.

Pandeni ndege wewe na Merle mfike Grenada kabla ya mashindano yetu ya mashua ya Agosti. Tutakungojea bandarini St. George's, sisi watatu na Glorina. Hutapanda ile ndege ndogo ya kuvukia, wala meli ya mizigo. Thelda amewainua watu wazito kuliko wewe, na wenye uchungu zaidi. Kuhusu Egbert, nimekwisha mwambia hali yako, mbele ya baa nzima. Akasema, "Mwambie yule mpumbavu bado nina deni lake la kumbeba."

Sikukuomba ruhusa ya Bequia na sikuombi ya hili. Njoo.

Ismay


Huddersfield
24 Septemba 1989

Dada yangu mkubwa,

Salamu kutoka kwa watu wawili waliochomwa na jua. Merle anasema magoti bado yanamuuma kwa kucheza ngoma kubwa ile siku mliyowaandalia wazee wetu waliokufa sahani yao ya chakula. Tumefika salama. Huku majani yanaanguka na kila mtu analalamika baridi, nami nawaambia, njooni mguse shingo yangu, bado ina moto.

Nilipokuwa kwenu sikuweza kusema mambo fulani, kwa kuwa ulikuwa unanitazama. Barua ni rahisi.

Mliponishusha ndani ya Glorina pale St. George's, nilifumba macho. Thelda alinishika kwapani, Urselle miguuni, naye akasema, "Tulia bwana, nimebeba mapipa yenye adabu kuliko wewe." Nilikaa chini kwenye mbao za baba nikazipapasa kwa mkono wa kushoto. Sikuwa nimefikiri kwamba zitakuwa vilevile. Kisha ukatoa mashua, na nilikuwa tayari kukusahihisha. Nakwambia kweli. Nilikuwa na maneno mdomoni: vuta, legeza, geuza sasa. Kila nilipofungua mdomo, ulikuwa umeshafanya.

Pale kwa Jenny, juu ya ule mlima wa moto ulio chini ya maji, bahari inapopiga mateke, Merle alinishika akapiga yowe. Mimi nilikuwa nakutazama wewe. Ulikuwa unatazama maji ya mbali, siyo yaliyo karibu, na mdomo wako umefungwa vile baba alivyoufunga. Uliponiuliza kama nataka kushika usukani kidogo, nilijua kwa nini uliuliza, na nilikupenda kwa hilo. Nilishika. Mkono wa kushoto haukujua kitu, Glorina akayumba na tanga likapiga kelele. Nikakurudishia. Maisha yangu yote nisingeweza kukurudishia mbele ya watu. Siku ile nilirudisha, nikajisikia mwepesi.

Egbert alivyoingia majini na suruali yake ya kanisani kunipokea, sitasema lolote. Alisema, "Umenenepa, mwizi wewe," akanibeba hadi nchi kavu, akalia begani kwangu, nami nikamwambia anisitiri kwa kuwa watu wanatazama, akasema, "Watazame."

Na mashindano! Wa nne. Tulikuwa wa nne, Ismay, na Egbert wa tano! Nimewaeleza hapa mara nyingi hadi Tolly anaweza kusimulia kana kwamba alikuwepo. Mliponifunga kwa shuka kwenye mlingoti na kunipa ile kamba ya tanga dogo niishike kwa kushoto, niliona nimerudi kazini. Kiganja cha mkono kimenichubuka. Sijampa Merle ruhusa ya kukipaka dawa.

Nilikukabidhi mashua pale ufukweni, mbele ya watu, na ulisema tu "haya," ukaenda kuangalia nanga. Ndivyo ulivyo. Lakini kuna kitu kimoja hukukiona, nacho ndicho sababu ya barua hii.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kilabuni. Sikukaa karibu na mlango. Walinipa kiti cha katikati, wakaniletea chai na kitu kidogo ndani ya chai, wakataka kusikia. Nikasimulia. Kijana mmoja mgeni, aliyezaliwa hapahapa, mtoto wa kina Enoe, akauliza, "Mzee McLaren, ulipita kwa Jenny ukiendesha kwa mkono mmoja?"

Chumba kizima kikanigeukia. Walikuwa wananipa nafasi, unaelewa. Ningesema ndiyo, hakuna ambaye angenipinga. Wangenipenda kwa uongo huo.

Nikaomba mkongojo wangu. Merle akataka kunisaidia, nikamkataza. Ilinichukua muda, lakini nilisimama, Ismay, nilisimama wima, nikasema:

"Mimi nilikuwa abiria. Aliyeendesha ni Ismay McLaren, binti wa Hendry, dada yangu. Na anaendesha vizuri kuliko mimi. Alikuwa hivyo tangu tukiwa watoto, na baba alijua."

Kisha Mzee Steill akachukua dhumna yake na kuipiga mezani kwa nguvu, kama mtu afungaye mchezo. Tolly akapiga yake. Halafu wote, meza zote, hadi vikombe vikaruka.

Mdogo wako mwenye fahari,
Cosnel